Miguu ya Mwalimu Nuria

Ungemkuta Nuria kwenye cherehani yake pale mtaa wa Kaptembwo, usingeona lolote la ajabu. Miguu inakanyaga, sketi za shule zinatoka, maisha yanaendelea. Nani angejua kwamba kwa siku kumi sasa miguu hiyo ilikuwa inakanyaga hata pasipo na cherehani? Ilikanyaga akila. Ilikanyaga akiswali, mpaka akawa anamaliza swala kwa haya. Akikaa dakika mbili tu alihisi sisimizi wanampanda ndani ya mifupa, sharti ainuke, aende mlangoni, arudi, aende tena.

Aliijua hali hiyo, na kilichoileta alikijua pia. Ilikuwa sindano. Kila mwezi alidungwa ili ugonjwa wa akili usimrudie, na safari hii daktari wa kliniki alikuwa amemwongezea dozi. Miaka kumi na minne iliyopita, alipolazwa mara ya kwanza, miguu ilimfanyia hivyo hivyo. Alizunguka wodini mchana kutwa akiomba msaada. Wauguzi wakamwambia keti, akaketi, akainuka. Mwishowe wakamfunga kitandani kwa shuka, na kwenye faili wakaandika kwamba mgonjwa ni msumbufu. Yaani dawa imtese mtu, halafu mtu ndiye aandikiwe kosa! Nuria hakuwahi kulisamehe neno hilo, na nani wa kumlaumu?

Neno hilo ndilo lililompeleka chuoni. Chuo kimoja cha uuguzi mjini Nakuru kilikuwa kimeanza kuwaita watu waliowahi kuugua akili wawafundishe wanafunzi yale yasiyoandikwa vitabuni. Madam Wamaitha, mwalimu wa somo hilo, akamchukua Nuria, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Mtaani alijulikana kama dadake Hemed, yule aliyewahi kupandwa na wazimu. Akishavuka lango la chuo, alikuwa Mwalimu. Wanafunzi walimpisha kwenye ngazi, wakambebea mkoba. Siku za chuo Nuria alirudi nyumbani kifua mbele, hata Hemed akawa anamtania kwamba sasa ataanza kuwasahihishia majirani Kiswahili.

Ila fomu aliyotia sahihi ilikuwa na sharti. Anayefundisha awe ametulia, na dawa zisiwe zinamsumbua. Akionekana hayuko sawa, anapumzishwa. Kwa hiyo asubuhi ya mtihani Nuria alivaa buibui lake pana kuliko yote, akamwomba Mungu miguu isimwaibishe.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Mwanafunzi aliingia chumbani peke yake, akamkuta Nuria kitini akiigiza mgonjwa aliyelazwa jana. Alikuwa na dakika kumi za kuzungumza naye, kisha dakika tatu za kuandika aliyoyaona. Madam Wamaitha alikaa kando na karatasi ya alama, na mstari wa kwanza wa karatasi hiyo ulisema: mwanafunzi amemketisha mgonjwa, naye ameketi wakitazamana. Asiyefanya hivyo ameanguka, hata kama mengine yote ameyapatia. Aliyeutunga mstari huo, bila shaka, hakuwahi kudungwa sindano ya Nuria.

Wanafunzi watatu wa kwanza Nuria aliwavumilia kwa kukunja vidole ndani ya viatu na kuuma meno. Mmoja alimuuliza kama anasikia sauti huku yeye mwenyewe anaangalia saa. Wote waliketi vizuri, wakapata alama zao.

Wa nne alikuwa Jamleck, kijana mrefu aliyekulia kwenye mashamba ya viazi na ng'ombe wa maziwa kule Dundori. Alipofungua mlango, nguvu za Nuria zilikuwa zimeisha. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Mama, naitwa Jamleck. Ungependa tuketi?"

"Siwezi."

Jamleck alikiangalia kiti. Akamwangalia Madam. Mstari wa kwanza aliujua kama jina lake.

"Basi tutembee," akasema.

Wakatembea, hatua tano kwenda na tano kurudi, kijana akifupisha hatua zake ndefu ili zilingane na za mama. Hakumshika, wala hakumharakisha.

"Ni moyo ndio hauna raha, ama ni miguu?"

Nuria alitaka kulia. Miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Ni miguu."

"Ilianza lini?"

"Siku kumi sasa," Nuria akajibu, akasahau kwamba alitakiwa kuwa amelazwa jana tu.

"Kuna dawa ilibadilishwa?"

Nuria alimwona Madam akiwatazama, akageukia dirisha. Kengele ikalia. Jamleck akaandika maelezo yake, akayaacha mezani, akatoka ameinamisha kichwa.

Madam Wamaitha alicheka. "Leo umeigiza kabisa, Mwalimu! Huyo umemnasa, mpaka kiti akasahau." Akatia alama ya kosa kwenye mstari wa kwanza. "Atarudia baada ya miezi sita. Tumuite mwingine?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Angenyamaza tu, asifiwe, muhula ujao arudi kuitwa Mwalimu. Kijana angerudia mtihani, wangapi hawajarudia? Nuria alizunguka kiti mara mbili. Alimwonea Jamleck hasira kwa kuuliza vizuri vile, kisha akajionea hasira mwenyewe. Alikuwa amekuja hapa miaka mitatu kuomba apatikane muuguzi mmoja tu wa namna hii. Sasa amepatikana, na yeye ndiye anamwangusha.

"Madam, sikuwa naigiza."

Kicheko kikamwisha Wamaitha. "Unasema?"

"Ni miguu yangu kweli. Wameniongezea sindano. Hata hao watatu nimewavumilia tu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungenipumzisha."

"Ningekupumzisha, ndiyo," Wamaitha akasema polepole, "na hata sasa lazima. Hiyo siwezi kukusaidia, Nuria."

Hakusema Mwalimu. Nuria alilisikia pengo hilo, likamuuma. Wamaitha aliichukua karatasi ya Jamleck, akaisoma, akairudia tangu mwanzo. Kisha akaifuta alama yake ya kosa, akaandika pembeni kwamba mgonjwa hangeweza kuketi, mwanafunzi amefaulu, na mstari wa kwanza ubadilishwe.

"Chukua, jisomee," akasema. "Halafu uende kliniki leo leo."

Nuria alisoma huku anatembea, maandishi yakiruka mbele ya macho yake. Jamleck alikuwa ameandika: "Nyumbani ng'ombe akikanyagakanyaga hivi hatumchapi, tunamwangalia kwato. Mama anataka kuketi, miguu ndiyo haimruhusu. Amesema siku kumi, na kwenye mtihani alilazwa jana, kwa hiyo naona ni Mwalimu mwenyewe anayeumia. Dawa zake ziangaliwe. Mgonjwa si msumbufu."

Alilia waziwazi, karatasi kifuani, hatua tano kwenda, tano kurudi. Madam Wamaitha alisogeza kiti ukutani ili kisimzibie njia, na hakuna aliyemwambia keti.