Sahihi Mbili za Fundi Viatu

Wewe, ukitakiwa leo uthibitishe kwamba unaishi hapo unapoishi, utamwendea nani?

Fundi viatu alikuwa na mtaa mzima wa kuuendea. Tangu avuke mpaka kutafuta maisha ilikuwa miaka kumi na miwili, na hapakuwa na unyayo hapo mtaani asioujua. Lakini kibali chake kilikuwa kinakwisha kesho yake, na fomu ilidai sahihi za wenyeji wawili. Bila hizo, afunge virago. Aliyeitunga fomu ile bila shaka hajawahi kuomba hata chumvi kwa jirani.

Kwao fundi, haja kubwa haitamkwi. Unaizungukazunguka mpaka mwenye nyumba akuulize mwenyewe. Basi jioni ile alivaa shati la pasi, akaenda kwa mwalimu mstaafu, mteja mkorofi kuliko wote. Akasifu rangi ya ukuta. Akaulizia maumivu ya magoti. Akashukuru kwa miaka yote ya ujirani mwema, akakohoa, akasubiri. Mwalimu hakuuliza kitu. Kwa mama muuza mkaa akarudia yaleyale, akakohoa zaidi. Akapewa dawa ya kifua.

"Wamekataa," akamwambia mkewe, akijitupa kitandani.

"Uliwaomba?"

"Niliwashukuru."

"Basi umewaaga, baba watoto."

Mke hakukosea. Asubuhi fundi alipofungua mlango, kibaraza anachofanyia kazi kilikuwa kimefurika watu. Mbele yao alisimama mwalimu, kiatu mguu mmoja. Cha pili kilikuwa kwa fundi tangu juzi.

"Unahama na viatu vyetu?"

"Sihami, mwalimu. Ila... magoti yameamkaje?"

"Anataka sahihi za watu wawili," mkewe akadakia kutoka ndani. "Asipozipata leo, anafukuzwa nchini. Jana alikuja kuwaomba, akaishia kusifu kuta."

Watu wakatazamana. Mwalimu akaipokea fomu, akaikagua kama daftari la mtoro.

"Miaka kumi na miwili unaniharibia soli, halafu leo ukimbie? Lete kalamu."

Akailaza fomu juu ya gogo la kugongea misumari, akatia sahihi. Wino haujakauka, mama muuza mkaa akampokonya kalamu, akaandika jina lake polepole, na kidole gumba chake kikaacha alama nyeusi pembeni mwa karatasi. Waliobaki wakanung'unika kwamba nafasi zimewekwa chache mno.