Kiganja cha Jua Siku ya Kuposa

Jamani, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wanaongeza chumvi na mkasa wenyewe tayari una chumvi ya kutosha: mimi ndiye yule bwana harusi wa Kamembe aliyeinua mkono juu na kupiga kelele kama mwendawazimu mbele ya wakwe zake, akiwa amevaa vazi la heshima. Hadi leo nikipita sokoni kuna wamama wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani (wanawake wazima, wenye wajukuu) wananiinulia kiganja na kucheka. Nainamisha kichwa na kwenda zangu, ningefanya nini?

Chanzo ni katuni. Ndiyo, katuni, msinitazame hivyo, hata watu wazima tunaziangalia. Kwetu Kamembe, huku Rwanda mpakani na Kongo, kuna ukumbi wa video, sisi tunauita salle, una mabenchi na skrini moja, na filamu zake zote ni agasobanuye, yaani filamu ya kigeni ambayo msimulizi ameifunika kwa sauti yake, anasema yeye maneno ya wote, mwanamke, mtoto, joka, mpaka mvua. Wakati ule kila Jumamosi walionyesha mfululizo unaoitwa Walinzi wa Ziwa la Moshi, na msimulizi wake alijiita Komanda Radi, mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona sura, tunamjua kwa sauti tu, nene, yenye mikwaruzo. Nami nilikuwa (ngoja nijicheke kwanza) mchambuzi. Mchana nachapa na kuprinti barua za watu katika kiduka karibu na stendi, jioni narekodi sauti za kuchambua filamu na kuzituma kwenye kundi la vijana la simu, na kwa kuwa nilikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kusoma kwa mapadri, nilijiona mimi ndiye mwenye macho na wengine wote wanaangalia ukuta.

Sasa ile sehemu ya mwisho ya msimu, Mungu wangu! Shujaa anaitwa Tovai, na ana nguvu moja inaitwa Kiganja cha Jua: anainua mkono, kiganja kinatoa mwanga, adui anarushwa huko. Mara ya kwanza tulishangilia, hata mimi. Lakini msimu mzima? Daraja limekatika, Kiganja cha Jua. Joka limeamka, Kiganja cha Jua. Amefungwa katika gereza ambalo tumeambiwa wiki baada ya wiki kwamba hata miungu haitoki humo, bwana mkubwa anakaa chini, anamkumbuka mamake (kila wiki anamkumbuka, mama yuleyule, kisima kilekile), anainua mkono, ukuta kwisha. Sasa nimwogopee nini mtu wa hivyo? Na dada yake, Yumela, machozi yake yanafufua wafu, kwa hiyo hakuna anayekufa, mtu anachomwa upanga wa tumbo na wewe unaendelea kutafuna karanga zako kwa sababu unajua Yumela yuko nyuma ya jiwe analia. Na adui yao, Mfalme wa Masizi, badala ya kuua anahutubia, anaeleza mpango wake wote mpaka Tovai anapata nafasi nzuri ya kumkumbuka mama. Siku ile mkono uliinuka mara nyingi hadi nikauonea huruma. Na kila ulipoinuka Komanda Radi alinguruma, "Kiganjaaa cha Juaaa!" na salle nzima, wakubwa kwa watoto, ikainua viganja na kunguruma naye, mimi peke yangu nimekunja mikono kifuani.

Nilitoka mle nimefura. Nikaenda dukani, nikafungua simu, nikarekodi. Nikasema mwandishi wa kitu hiki ameishiwa, akibanwa tu anauinua mkono wa Tovai, na shujaa asiyeweza kushindwa hana tofauti na swichi ya taa. Mpaka hapo nilikuwa na haki, na sibadilishi neno. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikamgeukia msimulizi, nikasema mtu mwenye akili timamu anaweza kuisimulia sehemu nzima bila kutaja Kiganja cha Jua hata mara moja. Kisha nikamalizia, kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kile cha kuita watu "batu" na familia "famiye", na kwa sauti ya mtu anayejipenda: "Na huyu Komanda Radi, iko na famiye kweli? Kama iko nayo, pole yabo. Nani atapeleka ngombe kuomba binti mu famiye ya namna ile?"

Rafiki yangu Faustin, ambaye tunafanya naye kazi pale dukani, alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Akatikisa kichwa, akaniita Papa kama tunavyoitana vijana wa kwetu.

"Papa, toa ile ya mwisho. Ya filamu inatosha. Famiye ya muntu haiko filamu."

"Ile ndiyo tamu yake," nikamwambia, nikabonyeza, ikaenda.

Na ndiyo ikawa tamu kweli. Watu walicheka, wakaisambaza, ikavuka mpaka hadi Bukavu, na mimi nikalala usingizi wa washindi. Halafu nikasahau, maana nilikuwa na jambo kubwa zaidi: nilikuwa nakwenda kumposa Solange.

Solange ni fundi cherehani, na nilimpenda (nampenda bado, asije akasema nimetumia wakati uliopita) kuliko nilivyojua kueleza. Tatizo lilikuwa baba yake, mkulima wa Gitambi, mtu wa neno moja. Kabla yangu alikuja kijana mwingine, mwenye kazi nzuri, mzee akamrudisha kwa sababu tu alimjibu jirani kwa dharau, na hakuna aliyeweza kumbadilisha nia. Mama yangu aliliombea jambo langu kanisani mpaka magoti yakaota sugu. Solange alikuwa ameniambia pia kwamba msemaji wa familia yao siku hiyo atakuwa baba yake mdogo, Papa Safari, anayefanya "mambo ya video", nami nikadhani ni mpiga picha wa harusi, basi, sikuuliza zaidi.

Kwa msiojua posa zetu zilivyo: familia mbili zinakaa chini ya mahema, zinatazamana, na bwana harusi haruhusiwi kusema kitu, anakaa na marafiki zake, vazi limefungwa begani na fimbo mkononi, kama mzigo uliofungwa vizuri. Wanaosema ni wasemaji. Wa upande wa binti anatuzulia makosa, eti tuliiba mbuzi, eti babu yetu alikata mti wao, na wa upande wetu anakana kwa majivuno, mwisho anaomba msamaha, kinywaji kinatolewa, watu wanacheka. Ni mchezo na kila mtu anaujua. Sisi tulimleta Mzee Gaspari, mwalimu mstaafu, ambaye kwa maneno anaweza kukuuzia kivuli chako.

Basi siku ikafika, tukaketi Gitambi kwa kina Solange, na msemaji wao akasimama, mtu mfupi, mwenye miwani na koti la kijivu, nikamwona wa kawaida kabisa. Akafungua kinywa kutusalimu.

Nikaitambua sauti ile kabla hajamaliza salamu. Sauti nene, yenye mikwaruzo. Faustin, aliyekaa karibu yangu, akanifinya paja.

"Papa," akanong'ona, "ni yeye, Komanda Radi."

Papa Safari akasubiri watu watulie. "Bageni, tunabapenda," akasema. "Lakini tumesikia mutoto wenu alitutukana. Alisema hakuna muntu atapeleka ngombe kuomba binti mu famiye yetu. Sasa leo tunaona ngombe. Banakuya kufanya nini?"

Watu wakacheka sana. Upande wetu walicheka kuliko wote, kosa zuri, halijawahi kusikika. Mzee Gaspari akainuka, akarekebisha vazi lake, uso unang'aa kwa furaha ya kazi.

"Mutoto wetu? Huyu? Huyu hata kuku hajaiambia neno mubaya!" Nikamvuta vazi kwa nyuma, akanipigapiga mkononi bila kugeuka, alidhani namshukuru. "Kama alisema, tunaomba sauti yake isikike hapa, mubele ya batu bote!"

Papa Safari akatoa simu, akamkabidhi kijana wa muziki, na spika mbili kubwa zilizokuwa zikipiga nyimbo za kanisa zikaanza kunitoa mimi. Nikajisikia nikichambua. Nikajisikia nikicheka kicheko changu mwenyewe (kumbe nina kicheko kibaya hivyo, na hakuna aliyewahi kuniambia). Mwisho ikafika ile sentensi, na Gitambi nzima ikaisikia, na ng'ombe wetu wamefungwa pale, wakitafuna.

Hakuna aliyecheka tena. Mama yangu akafunika uso kwa kitenge. Mzee Gaspari alibaki amesimama mdomo wazi, akakaa taratibu kama anayekalia yai. Baba yake Solange akaweka chupa chini, akasimama, akanitazama mimi, siyo msemaji wangu.

"Ni sauti yako?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi ngombe zirudi."

Wengi wenu mnanijua mimi ni mtu wa kubeza, lakini pale nililia, machozi yalinitoka bila hata kuomba ruhusa. Niliona Solange akishona nguo za harusi za watu wengine maisha yake yote, au mbaya zaidi, akishona ya kwake aolewe na mwingine, na yote hayo kwa ajili ya katuni, tena katuni mbaya.

Aliyeniokoa ni yuleyule niliyemtukana, au tuseme alinitoa motoni akaniweka kwenye kikaango. "Yaya, ngoja," akamwambia kaka yake. "Juu ya filamu hakusema uongo. Hata miye nimechoka na ule mukono. Lakini alisema muntu wa akili anaweza kuisimulia bila kuitaja. Aisimulie. Kisha weye utasema neno yako."

Walikuwa na skrini kubwa ya kuonyeshea picha za sherehe. Papa Safari akachomeka kompyuta yake (mtu yule alikuja amejiandaa, ninawaambia), akazima sauti ya filamu, akanipa kipaza sauti. Sehemu ya mwisho ya msimu ikaanza, ileile niliyoichambua kwa kiburi.

Jamani, kusimulia ni kazi. Tovai akatokea akitembea, nikasema, "Huyu ni mtu. Anatembea." Wote walikuwa wanaona anatembea. Mfalme wa Masizi akafungua mdomo akahutubia muda mrefu sana, nami katika hotuba nzima nilipata neno moja, nikasema, "Habari." Joka likatema moto, nikasema limekasirika kidogo. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti, "Anasema nini sasa ule?" nikamjibu kwenye kipaza sauti, "Sijui, Maman." Mimi niliyekuwa na maneno ya kumwaga kuhusu filamu hii sasa sikuwa nalo hata la kuazima.

Halafu Tovai akapigwa, akaanguka, akafumba macho, kisima kikatokea, mama akatokea. Watoto waliokaa chini mbele wakaanza kuinua viganja taratibu, wananitazama mimi, siyo skrini. Na nyuma yao wakubwa. Nikajaribu, Mungu ni shahidi, nikasema, "Sasa anatumia... ile... mwanga wa mkononi..." Hakuna aliyetikisika, viganja vimebaki juu vinangoja, mkono wa Tovai unapanda, unapanda, na koo langu likajifungua lenyewe.

"KIGANJAAA CHA JUAAA!"

Niliinua mkono na fimbo yangu ya bwana harusi ikiwa ndani yake, fimbo ikaruka ikamwaga kibuyu cha pombe ya ndizi, vazi likaniteleza begani, na mahema yote mawili yakanguruma pamoja nami. Na aibu kubwa kuliko zote ni hii, ambayo Faustin ameapa hataisema kwa hiyo naisema mwenyewe: ilikuwa tamu. Mkono wa Tovai ulipoinuka tena nikanguruma tena, na tena, hakuna aliyenilazimisha, hata Mzee Gaspari alikuwa amesimama juu ya kiti kiganja hewani.

Filamu ilipozimwa baba yake Solange alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akakaa, akachukua chupa yake.

"Muntu mwenye anajua byote siwezi kumupatia mutoto wangu," akasema. "Lakini huyu, kuanzia leo, batu bote banajua kama hajui kitu. Ngombe zibaki."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya Papa Safari, siyo kwa mchezo wa desturi, kwa kweli. Nikamwambia nisamehe, baba, kwa neno la ukoo. La filamu sikuligusa, naye hakuniuliza. Akanivuta sikio karibu.

"Ile filamu ni mubaya sana, mutoto yangu," akaninong'oneza. "Lakini batu bameshaingia, bameketi. Nibaambie barudi kwabo?"

Ndipo wakamtoa Solange nyumbani, amevaa vizuri hadi nikasahau kupandisha vazi langu begani. Alikuwa amesikia kila kitu dirishani. Akaja akasimama karibu yangu, kwa adabu zote, macho chini, akaniambia kwa sauti ya kunitosha mimi tu: "Ulikuwa mubaya sana. Lakini ni mara ya kwanza nakusikia unasema mubele ya batu, haiko nyuma ya simu."

Neno hilo liliniuma kuliko spika zote za Gitambi.

Tumeoana. Msimu mpya wa Walinzi wa Ziwa la Moshi umeanza, na ni takataka kuliko ule wa kwanza, sasa hata Yumela amepewa kiganja, pamoja na machozi. Lakini nimeapa sitarekodi tena neno juu ya mtu nisiyeweza kumwambia uso kwa uso. Nikikuta filamu mbovu namwambia mke wangu peke yake, kwa sauti ndogo, na hata hapo kwanza natoka nje kuangalia kama baba mkwe mdogo haji kwa chakula.