Wimbo wa Sombe kwenye Televisheni

Mimi hasira yangu iko karibu, wala sijawahi kukana. Maman alikuwa akisema nilizaliwa nikilia kwa ugomvi, si kwa njaa. Naanza na hilo ili mtu asije akanionea huruma mapema, kwa maana aibu niliyoipata nikiwa na miaka kumi na mitatu, mbele ya nchi nzima na nyingine kadhaa, nilijipikia mwenyewe.

Tulikaa Kamembe, Rwanda, mpakani na Congo. Papa ni Mnyarwanda aliyezaliwa Congo akakulia huko, akarudi na sisi watoto baada ya yale yaliyoipata Rwanda. Maman ni Mushi, mtu wa kabila la Bashi, wa Bukavu upande wa Congo, na mama yake hakutaka hata kusikia habari ya kuhama. Tulimwita Koko, kama watu wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Alibaki Kadutu, mtaa wa Bukavu, katika nyumba yake ya mbao, akasema nyinyi nendeni tu, si mnaenda kukaa mahali ninapopaona? Na kweli, ukisimama juu kwetu unayaona mabati ya Bukavu ng'ambo ya maji. Kila Jumamosi nilishuka mpaka darajani, nikaonyesha karatasi yangu ya kuvukia, nikapanda kwa Koko na kifurushi cha sambaza, visamaki vya ziwani, ambazo Maman alinunua kwa wavuvi wa Nkanka.

Kazi yetu ilikuwa sombe. Majani ya muhogo yanataka kutwangwa sana, na kwa Koko yalitwangwa na watu wawili kwenye kinu kimoja. Mchi wako ukishuka, wa mwenzako uko juu. Wa mwenzako ukishuka, wako uko juu. Mkikosea, michi inagongana na mikono inakufa ganzi mpaka jioni. Ndiyo maana kuna wimbo. Anayeanza anauliza, mwenzake anajibu, na kila jibu lina pigo lake. Ni wimbo wa Kimashi, lakini maneno yake ni ya kawaida kabisa. "Wewe wa nyumba hii, uko?" Mwenzako anasema, "Niko." "Umeamka?" "Nimeamka." "Watoto wamekula?" "Bado kidogo." Mnaendelea hivyo kupita majirani wote, mbuzi na kuku, mpaka sombe ilainike. Sheria ya Koko ilikuwa moja tu: ukiisha kuuliza, mchi wako unakaa juu mpaka ujibiwe. Hata kama mwenzako anakohoa, hata kama ameenda kufukuza kuku, unangoja na mikono yako juu. Nilitwanga hivyo naye tangu nina miaka mitano, nikisimama juu ya kigoda.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na mitatu redio ikatangaza shindano la nyimbo la watoto. Kila nchi itoe mtoto mmoja, wote wakutane Nairobi, waimbe siku moja, na televisheni za nchi zote zionyeshe saa ileile. Mwalimu wa kwaya ya shule yetu, kijana wa Gashonga aliyekuja kazini kwa pikipiki na kila mara alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, aliniandikisha bila kuniuliza. Nikaimba Cyangugu, mkoani kwetu, nikapita. Nikaimba Kigali mbele ya watoto waliovaa viatu vya kung'aa, nikapita tena. Niliimba wimbo wa sombe, Mwalimu amesimama kando ananijibu kwa sauti yake nene, watu wakacheka kwa furaha. Tuliporudi Kamembe, Papa alizunguka soko lote akiwaambia hata watu asiowajua kwamba binti yake anaenda kuimbia nchi. Jirani yetu, Mzee mmoja fundi wa cherehani, Mwislamu, mwenye televisheni kubwa dukani, alinishonea gauni la kitenge akakataa malipo. Akasema Mungu amenipa sauti, sasa tumwombe na adabu. Nilinuna siku mbili kwa neno hilo.

Jumamosi iliyofuata nilivuka kwenda kumwambia Koko. Nilitaka apige vigelegele, aite majirani, anishike mashavu. Koko alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni vizuri, kisha akaweka kinu katikati ya uwanja na kunipa mchi. Majani yalikuwa tayari yamechambuliwa. Alikuwa amenisubiri tangu asubuhi ili tutwange.

Nikawaka. Nilimwambia siwezi kwenda kwenye televisheni na malengelenge mikononi. Nikamwambia kule Kamembe kuna mashine inayosaga sombe, hakuna tena mtu anayejichosha hivi. Yeye akasema tu kwamba wimbo unakaa mikononi, si mdomoni. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Nilisema, "Wimbo wako nimeshauchukua, Koko. Sasa wewe nakutaka wa nini tena?"

Nayakumbuka maneno hayo kama yalivyo, na ningetoa kitu kikubwa nisiyakumbuke. Koko alichukua mchi mmoja akaanza kutwanga peke yake, polepole, bila kuimba. Mimi nikachukua kapu langu nikashuka mpaka darajani bila kuaga. Hasira hasara, watu wanasema, lakini aliye ndani ya hasira haoni hasara inakaa wapi.

Kabla Jumamosi nyingine haijafika, risasi zikaanza Bukavu. Wanajeshi waligombania mji wao kwa wao, na sisi tulizisikia kutoka ng'ambo mchana kweupe, tukiwa shuleni. Watu walivuka na magodoro vichwani, na watoto migongoni. Maman alikaa darajani siku nzima akitazama kila mwanamke mzee aliyepita. Kisha daraja likafungwa. Koko hakuwa na simu. Mama mmoja muuza nyanya aliyevuka mwishomwisho alituambia kwamba Kadutu watu wamejifungia ndani, basi, zaidi ya hapo hajui. Maman aliacha kula vizuri. Nami sikumwambia mtu yeyote nilivyoagana na mama yake, kwa sababu hatukuagana.

Nikajitengenezea shauri langu la kitoto. Televisheni ya Rwanda ilionekana mpaka Bukavu. Majirani wa Koko walikuwa na antena iliyofungwa kwenye mti wa parachichi, na kila kukiwa na mpira yeye alikwenda kukaa kwao, si kwa ajili ya mpira, kwa ajili ya kuwasema vibaya wachezaji. Kama umeme utakuwepo, kama nyumba haijapigwa, kama yuko hai, ataniona. Ataniona naimba wimbo wake, atajua naomba msamaha. Sikutaka kushinda tena. Nilitaka Koko asikie.

Ndiyo sababu nilipigana na Mwalimu. Barua ilikuja kutoka kwa waandaaji ikisema kila mtoto ataimba peke yake jukwaani, hakuna wa kumwitikia. Mwalimu, masikini, aliona ni heri tubadilishe wimbo, akaniletea mwingine wa Kinyarwanda, mzuri sana, wa milima na ng'ombe. Niliutupa chini. Nilimwambia nitaimba wa sombe au nitakaa nyumbani nichambue maharage. Angeweza kunichapa, enzi zile hakuna ambaye angemuuliza. Aliokota karatasi yake akaipangusa, akasema sawa, lakini maswali nitauliza mimi na majibu nitajibu mimi. Kwenye televisheni, alisema, ukinyamaza watu wanafikiri umesahau.

Tukafanya mazoezi hivyo wiki mbili. "Uko? Niko. Umeamka? Nimeamka." Moja kwa moja, bila kupumua. Niliuweza. Mwalimu akafurahi mpaka akanipeleka kwa pikipiki yake hadi Gashonga kwao, mama yake akanipa ndizi za kuiva nikala nikavimbiwa.

Habari ya ndege sitaeleza sana, nilitapika. Nairobi nayo niliiona kupitia kioo cha gari. Ilikuwa Jumapili alasiri. Tulipangwa nyuma ya pazia watoto tisa, kila mmoja na bendera kifuani, na msichana aliyekuwa mbele yangu alitetemeka nikamshika mkono. Mimi sikutetemeka. Nilijiona mtu mzima.

Wakaita nchi yangu. Nikasimama penye alama waliyochora sakafuni, taa zikanipiga usoni, sikuona hata mtu mmoja. Ngoma ikapiga mara nne. Nikaimba, "Wewe wa nyumba hii, uko?"

Na mikono yangu ikapanda. Sikuiamuru mimi. Ilipanda yenyewe mpaka juu ya kichwa, imeshika mchi usiokuwepo, ikakaa hapo. Nikangoja. Ngoma ilikuwa inaendelea peke yake. Nilijua nimekosea, nilijua kabisa kwamba jibu ni langu, lakini mwili wangu wote ulikuwa Kadutu, umeuliza na haujajibiwa, na mchi haushuki. Sijui ilikuwa muda gani. Mwalimu aliniambia baadaye ilitosha mtu kuvaa shati. Nikasikia watu gizani wanaanza kunong'ona, mmoja akacheka. Hapo nikaona haya, nikashusha mikono, nikakamata yaliyobaki nikayakimbiza. "Umeamka nimeamka watoto wamekula bado kidogo." Nilijijibu kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nilimaliza kabla ya ngoma.

Katika tisa nilikuwa wa nane. Wa tisa alikuwa yule msichana niliyemshika mkono, naye alilia akashindwa kuanza. Mwalimu alinifunika na koti lake akasema tumefika Nairobi, wangapi wa Cyangugu wamefika Nairobi? Nililia mpaka Kigali.

Kamembe ni mji mdogo na watu wake wanapenda kucheka. Kwa muda mrefu sikuweza kupita sokoni bila kuona mama fulani anainua mikono juu na kusimama hivyo, amefumba midomo, wenzake wakianguka juu ya mafungu ya nyanya. Fundi alimkataza kila mteja aliyetaka kuigiza dukani kwake. Aliniita akaniambia gauni lilionekana vizuri sana, hasa mikono ilipokuwa juu, mshono haukuvuta hata kidogo. Nilimtazama kama anatania. Hakuwa anatania, alikuwa anajivunia mshono wake, na hilo lilinichekesha kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Lakini nyumbani hatukujua bado kama Koko ni mzima, na kila niliyemwona amenyanyua mikono alinirudisha kwenye swali lile.

Daraja lilifunguliwa siku ya kazi, Papa akaniruhusu kukosa shule. Tulivuka mimi na Maman katika mstari mrefu wa watu. Kupanda Kadutu, Maman alinitangulia mbali, karibu anakimbia, yeye ambaye magoti yalimsumbua. Nyumba ilikuwa imesimama. Koko alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, amekonda shingo. Alimkumbatia Maman. Mimi nilibaki uwanjani na kapu langu la sambaza, sithubutu kusogea.

Mwishowe aliniangalia. Nilitegemea aseme habari ya maneno niliyomwachia. Alikuja mpaka nilipo, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kwa sauti ya mtu mwenye kesi, "Ile swali ya kwanza nilijibu. Batu bote ba mu ile nyumba ya televizyo banasema Koko, nyamaza. Mie nikajibu tu, kwa nguvu: niko. Nikapiga meza na mukono. Halafu weye ukaanza kukimbia, ukajijibu peke yako mpaka mwisho. Ju ya nini hukuningojea?"

Nilimwambia kitu kimoja tu nilichokuwa nacho. "Nilifikiri hauko, Koko."

Nikalia, si kidogo. Nikamwomba anisamehe yale maneno ya siku ile. Akasema hakumbuki maneno yoyote, na alikuwa anadanganya, kwa sababu aliniangalia pembeni kama mtu anayedanganya. Alinipangusa pua na ncha ya kitenge chake, kwa nguvu, kama nina miaka mitano.

"Ata kama siko," alisema, "unangojea kidogo. Muntu anaweza kuwa anakuja."

Maman aliondoka uwanjani haraka, akasema anakwenda kutafuta chumvi kwa jirani, na chumvi ilikuwa ndani mezani, inaonekana kupitia mlangoni.