Fundi wa Miguu na Uongo Wangu

Mdogo wangu wa kike alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia la hospitali, kinanuka gundi, na miguu imening'inia ukutani kama watu wamepanda darini wakasahau nusu. Tulimwita Kisigino, maana hata ukimsalimia, kwanza anatazama kiatu chako kimelika upande gani.

Mguu wake wa kwanza ulimuumbua. Alimpima mzee mmoja wakiwa wametazamana, akachanganya kushoto kwake na kushoto kwa mwenzake, akachonga unyayo wa upande usio wake. Yule mzee, na wala siongezi chumvi, aliizunguka hospitali mara saba kabla ya kuliona geti, na mara ya saba mbuzi walikuwa wanamfuata wakidhani anajua anakokwenda. Watu walicheka hadi machozi. Mdogo wangu akahamishiwa kufua mashuka. Akafua mwaka mzima, na kila mchana wenzake wakila, yeye yuko karakana anachonga mguu usio na mwenyewe, mpaka mkubwa wake akachoka kumfukuza, akamrudishia kazi.

Tangu hapo akapata namna yake. Mgonjwa akishavaa mguu, yeye anampa mgongo, anamwambia, "Tembea." Anasikiliza sakafu. Mguu wa mti ukilia kuliko wa nyama, anaurudisha mezani, anapiga msasa. "Mtu akijua namtazama anajikaza," alisema.

Lakini msumeno wa umeme ulimla masikio, miaka nenda rudi. Akaficha. Nami nisingejua, kama si binti wa mshonaji mmoja, mtoto wa miaka tisa, ambaye kila mwaka alirefuka akahitaji mguu mpya. Siku moja nimekaa mlangoni. Mtoto akatembea. Mdogo wangu akampa mgongo, akainamisha kichwa, kisha akaninong'oneza, "Dada, huu mguu unasikikaje?"

Nikaelewa.

Ulikuwa unagonga. Ta, tum. Ta, tum. Lakini mkubwa mpya alikuwa anatafuta sababu tu ya kuifunga karakana, na mdogo wangu hakuwa na kitu kingine duniani. Mimi niliyewaambia wajukuu kuwa nilipanda mamba kwenda sokoni, wakaamini, ningeshindwa na hilo?

"Kama wa nyama," nikasema, naye akanisoma midomo.

Miezi miwili baadaye mshonaji akamrudisha mtoto. Nyonga imekwenda upande, gutu la mguu limechubuka, linatoa damu.

"Nilidhani anadeka," mshonaji akasema. "Nikamchapa, fundi. Nikamwambia atembee vizuri."

Mdogo wangu alikifunua kidonda, akakitazama sana. Kisha akanigeukia.

"Uliusikia ukigonga?"

Nikainamisha kichwa.

"Uongo wako wote nimeucheka tangu tuko wadogo," akasema taratibu. "Huu ameubeba mtoto."

Kidonda kilipopona, mdogo wangu alilala kifudifudi sakafuni, mama mzima na magoti yake mabovu, shavu kwenye saruji. "Tembea, mjukuu wangu." Kishindo alikipokea kwa mfupa wa shavu. Akainuka kwa kushika meza, akapiga msasa, akalala tena. Mara kumi na moja. Mimi nipo palepale mlangoni na masikio yangu mazima. Mara ya pili tu nilishajua ubaya uko wapi.

Mara ya tisa nikajitia kuelekeza, "Kisigino, punguza kidogo upande wa nje..." Nikampungia mkono aone. Akafumba macho.

Mara ya kumi na moja mtoto alikwenda mpaka dirishani na kurudi, hatua zote sauti moja. Mdogo wangu alibaki chini kwa muda, shavu jeupe kwa vumbi la mti. Mtoto akainama, akampa mkono ainuke.

Alifanya kazi hivyo miaka sita zaidi, mpaka alipofariki. Kila mchana nilimpelekea chakula, akala, akaniambia asante dada. Lakini mguu unasikikaje, hakuniuliza tena.