Ufito wa Baba na Pikapu Iliyosimama kwa Miguu ya Nyuma

Jumanne, saa nne na ushee asubuhi, gari letu lilisimama kwa miguu ya nyuma.

Sitanii. Pikapu nzima, dabo kebini, imeoshwa inang'aa, ilifika katikati ya mlima ikanyanyua matairi ya mbele kama mbuzi anayetafuta majani ya juu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Kwenye kioo cha mbele sikuiona barabara, niliona mawingu.

Baba alikaa mbele. Macho yake yana ukungu siku hizi, haoni zaidi ya vivuli. Akauliza kwa upole kabisa, "Mbona tunalala?"

Kamba ilikatika, milango kumi na miwili tuliyokuwa tumeipakia ikateremka mlima bila sisi, na pua ya gari ikarudi chini kwa kishindo. Baba akajigonga mdomo kwenye dashibodi, damu ikamwagika hadi kwenye shati.

Naandika haya nikiwa bado nawaka. Mkifika mwisho mtajua hasira yangu inamhusu nani, maana mimi mwenyewe nilichelewa kujua.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni fundi seremala. Ndiyo, mwanamke. Kama una la kusema, njoo uliseme ukiwa umebeba mlango wa mbao ngumu begani.

Karakana ni ya baba. Milango, fremu, vitanda, makabati, yote yalipita mikononi mwake kabla macho hayajamgomea. Sasa kazi naifanya mimi na mzee mmoja wa kupiga msasa. Tunamwita Msasa hivyo hivyo, na akiitwa jina lake halisi hageuki.

Sasa kuna kitu kimoja mkielewe vizuri. Zamani baba aliponunua pikapu yake ya kwanza, singo kebini yenye bodi ndefu, alikata ufito wenye urefu sawasawa na bodi ile. Futi saba na nusu. Akauchoma alama za msumari wa moto, akautoboa juu, akaufunga kamba, akautundika kwenye msumari karibu na mlango.

Kila tulichotengeneza kililazwa kwanza pembeni ya ufito. Kikiuzidi, tunakitengeneza vipande vipande, tunakiungia kwa mteja. Kisipouzidi, twende kazi. Miaka yote hiyo hatukuwahi kubeba mzigo unaoning'inia nje.

Halafu pikapu ile ikafa. Giaboksi kwanza, kisha injini, kisha fundi makanika akatuambia tumwache marehemu apumzike.

Na hapo ndipo kaka yangu aliporudi nyumbani.

Kaka ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Alikuwa muuzaji katika duka la nguo, duka likafungwa, akarudi na begi moja na viatu safi. Randa hajui inashikwaje. Alichojua ni kufagia, kupanga mbao kwa ukubwa, na kuongea na wateja kwa sauti tamu. Mimi nikambandika jina, Meneja. Halikuwa la heshima.

"Meneja, umefagia na misumari yangu?"

"Nimeiweka kwenye kopo, mdogo wangu. Kopo la bluu."

"Nani alikwambia inakaa kwenye kopo?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila siku mimi nafoka, yeye ananyamaza. Kunyamaza kwake kulinipandisha mori zaidi.

Baba akachoka. Jioni moja akatuita wote mezani.

"Tunahitaji gari," alisema. "Atakayelichagua ni kaka yako."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

"Kazi moja tu nampa," baba akaendelea. "Akichagua vizuri, anabaki hapa kama mwenzetu, na hiyo lugha yako unaiacha. Akikosea, atafute riziki pengine na mimi sitasema neno."

"Baba, huyu atanunua gari la harusi," nikasema. "Sisi tunabeba milango. Tunataka singo kebini, bodi ndefu, springi ngumu. Mzigo haukai kwenye viti."

Kaka akasema taratibu, "Na baba akaanguke kutoka juu ya mzigo? Singo kebini inakaa watu wawili na nusu. Sisi tuko wanne."

"Msasa atapanda nyuma. Siku zote anapanda nyuma."

"Msasa ana miaka sitini na tatu."

Baba akagonga meza. "Nenda na ufito," akamwambia kaka. "Gari lolote ambalo ufito unalala kwenye bodi yake, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, hilo ni letu. Viti shauri yako."

Basi. Sheria ikawa hiyo.

Wiki ile mimi nilikuwa na kazi ya zahanati mpya juu ya mlima. Fremu kumi na mbili, milango kumi na miwili, kabati moja refu la dawa. Fremu zilitangulia kwa mkokoteni wa kukodi ili waashi wazijengee ukutani. Alhamisi ile nilikuwa nazimalizia huku nagombana na Meneja kwa sababu alikuwa amehamisha mbao zangu tena. Nikapigilia, nikakata, nikapigilia, mdomo haufungi. Nikapakia, zikaenda.

Jumatatu mchana kaka akachukua ufito, akaenda kwenye uwanja wa magari. Mimi nilikuwa kwa mteja mwingine. Niliporudi, nyumba imelala.

Jumanne asubuhi nikaikuta dabo kebini imeegeshwa mbele ya karakana.

Jamani.

Bodi yake ilikuwa fupi kama sinia. Nikatoa tepu, nikapima. Futi tano. Milango yangu ni futi saba kila mmoja. Kabati la dawa linakaribia saba na nusu.

"Meneja!"

Akatoka anatabasamu. "Umeiona? Baba anakaa mbele, nyinyi nyuma, hakuna wa kunyeshewa. Na ufito umelala."

"Umelala wapi?"

"Kwenye bodi. Umeingia kama umepimiwa."

"Futi saba na nusu zimelala kwenye futi tano?"

Uso wake ukabadilika. "Ufito uko msumarini pale. Ulete tuulaze, uone mwenyewe."

"Nione nini? Mwenye macho haambiwi tazama. Naliona gari!"

Simu ikaita. Muuguzi mkuu wa zahanati. Wanafungua Jumatano, wageni wanakuja, milango iko wapi. Baba naye ameshatoka, kavaa shati la kutokea, anataka kuishika milango ikiwa imesimama mahali pake. Nikapakia. Nilipakia huku natukana. Milango ikatokeza nje futi mbili, kabati nikalilaza juu yake, likatokeza zaidi. Kamba nilifunga mimi, kwa mikono hii, kaka akashika usukani.

Mlima mmeshausikia.

Milango saba ilipasuka. Kabati likawa kuni. Baba alishonwa nyuzi tatu mdomoni, na aliyemshona ni muuguzi mkuu yuleyule, chumbani kusiko na mlango.

Tulimwacha kule apumzike, muuguzi akaahidi kumrudisha jioni, sisi tukateremka na mabaki. Tulipofika karakana nilisubiri gari lisimame tu.

"Ulimdanganya kipofu," nikamwambia kaka.

"Sijadanganya mtu."

"Ulilipenda gari, ukaona aibu kusema ufito haukuingia, ukaja kumwambia mzee asiyeona kwamba umelala. Baba yako mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli wahenga hawakukosea."

"Mdogo wangu, nakuomba kitu kimoja. Ufito ule pale. Tuulete."

Alinyoosha mkono. Ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake nyuma ya mgongo wangu. Msasa akataka kwenda kuuchukua.

"Kaa," nikamwambia. Msasa akakaa. "Sina haja ya ufito. Baba alisema ukikosea utafute riziki pengine. Umekosea. Toka."

Kaka akatoa ufunguo wa gari mfukoni. Nilitaka ajibu. Nilitaka anitukane ili nimjibu vizuri zaidi. Akauweka ufunguo juu ya meza ya randa, akachukua ufagio uliokuwa umeanguka, akauegemeza ukutani, akaondoka.

Usiku huo nililala vizuri sana. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku tatu nilifanya kazi bila kuinua kichwa. Muuguzi mkuu alitundika mapazia milangoni, akawafungulia wageni hivyohivyo, akanipa hadi Jumamosi; kabati alisema litasubiri. Nilitengeneza milango saba mipya, nikaipeleka kwa lori la kukodi. Baba wakati huo wote hakuniambia kitu. Nilimuuliza kama mdomo unauma. Akasema, "Unauma kuongea." Nikaridhika na jibu hilo.

Jumamosi nikawa natundika milango.

Wasiojua useremala niwaeleze. Fremu ikisafiri tupu, miguu yake inapanuka au inabana. Kwa hiyo unapigilia kipande cha mbao chini, kutoka mguu huu hadi mguu ule, kiishikilie. Ikishajengewa ukutani na kukauka, unakibandua kile kipande na kukitupa. Mbao ya hovyo tu, unaokota yoyote iliyo karibu.

Nikabandua cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Navitupa nje ya dirisha.

Cha tisa kilikuwa kizito kidogo na laini, kama kitu kilichoshikwashikwa miaka mingi. Nikakigeuza.

Kilikuwa na alama za msumari wa moto.

Nikakaa chini sakafuni. Futi mbili na nusu na ushee. Ncha moja imezeeka, nyingine imekatwa juzijuzi.

Alhamisi ikanirudia yote. Mbao zimehamishwa, mimi nafoka, mkono unapapasa pembeni bila macho kufuata. Ufito ulikuwa umeegemezwa pale, pengine Msasa aliutumia, pengine mimi mwenyewe. Nikaukata. Kipande nikakipigilia kwenye fremu, kilichobaki nikakitupa chini. Na kwa kuwa kilichobaki kilikuwa na kamba, yule mtu anayeokota kila kitu na kukirudisha mahali pake alikiokota, akakitundika msumarini.

Kaka hakudanganya. Ufito ulilala.

Nilirudi nyumbani na kile kipande nimekificha ndani ya koti, kama mwizi. Nikapita karakana, nikautoa ufito msumarini. Ulinifika kidevuni. Ule ambao zamani nilikuwa narukaruka ili niguse kamba yake.

Nikaviweka vyote viwili mapajani kwa baba. Vidole vyake vikakimbia juu ya mbao, vikakuta mahali pa kukatwa, vikaunganisha vipande. Vikakaa barabara.

"Msumeno wako," akasema. "Ukiwa na hasira unakata unalalia kushoto. Nimekwambia tangu utotoni."

"Baba, nilikuwa sijui."

"Mimi nilijua. Jioni ileile niliporudi na nyuzi zangu mdomoni, niliupapasa. Nikampigia kaka yako simu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Yeye alinikataza. Alisema, ana milango saba ya kutengeneza upya, akijua sasa hivi mikono itamtetemeka. Mwache amalize. Alisema pia kwamba hata angekuapia, usingemwamini. Ungeiamini mbao."

Nilikasirika. Wallahi nilikasirika upya. Nilimkasirikia baba kwa kukaa kimya, nikamkasirikia kaka kwa kunihurumia nikiwa nimemfukuza, na zilipoisha hizo nikabaki na mimi mwenyewe, na hapo hasira ikakosa mahali pa kutokea.

Nilimkuta kaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anapanga makopo ya rangi kwa ukubwa. Aliona vipande viwili mkononi mwangu, akarudi kupanga.

"Kaka," nikasema. Sijui mara ya mwisho kumwita hivyo ilikuwa lini. "Nimekukosea. Nimekuita mwongo, na ufito niliukata mimi."

"Najua."

"Nipige hata kofi basi."

"Nina makopo arobaini hapa, sina nafasi." Akapanga kopo jingine. "Lakini gari lenyewe ulikuwa sahihi. Ningekuwa na akili ya fundi, jicho lingeniambia kwamba ni fupi."

Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Kuhusu gari nilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kwa sababu nilikuwa sahihi kuhusu gari, nikajiona niko sahihi kuhusu mtu.

Dabo kebini tuliibadilisha. Nilikata ufito mpya, futi saba na nusu, baba akauchoma alama. Kaka ndiye aliyekwenda nao uwanjani, mimi nikakaa kwenye geti, mdomo nimeufunga. Akarudi na kebini moja na nusu: viti viwili vidogo nyuma, bodi fupi kuliko nilivyotaka. Nikafungua mdomo. Akainua mkono, akashusha mlango wa nyuma, akanionyesha fremu ya chuma iliyofungwa juu ya paa na mwisho wa bodi. Milango inapanda juu, imelala, haining'inii. Ufito ulilala pale na nafasi ikabaki. Msasa anakaa ndani siku hizi, na haongelei kitu kingine ila hicho kiti chake.

Kaka yupo karakana. Ufunguo wa gari anao yeye. Jina la Meneja nimelifuta, ingawa wateja wamelishika na wanamwita hivyo kwa heshima.

Sasa nyinyi mnaonisoma, kama kesho unakwenda kununua pikapu, sikiliza. Gari la kazi linachaguliwa kuanzia nyuma kuja mbele. Jiulize kwanza unabeba nini, kina urefu gani, kizito kiasi gani, mlima uko wapi, na nani atakaa ndani. Rangi na redio utajua baadaye. Na nenda na kipimo ambacho umekihakiki mwenyewe asubuhi hiyo.

La pili ni gumu zaidi. Siku ile, kutoka nilipokuwa nimesimama hadi kwenye ule msumari, palikuwa na hatua sita. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Kabla hujamfukuza ndugu yako, zitembee.