Sufuria ya Jumamosi ya Usafi

Mama mmoja mpishi alianza kujitolea Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2025, siku majirani wa Kaloleni walipoanza kusafisha pamoja uwanja wa watoto kila mwisho wa mwezi. Yeye hafagii. Hupika ndizi nyama, huonja mchuzi kwa kuudondoshea kiganjani, na sahani ikirudi na chakula humrudishia mwenyewe akimalize. Kwao Meru, mtu akishiriki kazi halafu aondoke bila kula, amemtukana mwenye jiko. Dilip, fundi saa wa mtaa wa pili, alikuwa amezibua mitaro miezi miwili na kuondoka bila kula mara zote mbili. Mwezi wa tatu mpishi alimzibia njia getini, mwiko mkononi.

"Wewe Dilip, mbona unatususia? Au mikono yetu michafu?"

"Hapana, mama. Kwetu hatuli nyama."

"Si ungesema." Akampakulia, akaziondoa nyama moja moja kama anayechambua mchele, akampa sahani.

Dilip akaitazama. "Mama, na mchuzi je?"

Waliokuwa wameegemea mafagio wakacheka. Mpishi hakucheka. Aliinama akaitazama sufuria nzima, kisha akafuta mikono kwenye kanga.

"Leo nimeshindwa," alisema. "Lakini huondoki. Kaa unywe chai." Akamsogezea kigoda chake mwenyewe.

Dilip akakaa. Mwezi ujao mpishi atabandika sufuria mbili, na isiyo na nyama ndiyo atakayoanza kuipakua.