Jina la Mama katika Faili la Constantin

Mjomba wangu Théodore alizaliwa katika nyumba ya machifu, kwenye kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, na tangu utotoni alijua kwamba kiti cha uchifu kingekuwa chake. Kwetu Wasanga kiti hakimfuati mtoto wa chifu. Kinamfuata mtoto wa dada yake, kwa sababu ukoo unapita kwa mama. Chifu Placide alikuwa na dada wawili: Émérence, aliyekufa bila mtoto, na bibi yangu Gertrude, mama wa Théodore. Hapakuwa na la kubishania.

Placide alipofariki mwaka 2002, mwanawe Constantin alishuka mjini Likasi na faili mkononi. Baada ya wiki tatu alirudi na barua ya kumtambua kuwa chifu.

"Serikali imechagua," aliwaambia wazee. "Mambo ya mama ni ya zamani."

Hakuna aliyeomba kuona faili. Barua ilikuwa na mihuri miwili, na watu wetu wakiona muhuri hunyamaza. Gertrude peke yake hakunyamaza, kwa hiyo Constantin alimfukuza kijijini. Alipanga chumba Kikula, mtaa wa Likasi, akauza samaki wa moshi kwa miaka kumi. Alipokufa, Théodore alipeleka jeneza ziwani ili mama alale karibu na kaka yake. Constantin aliwasimamisha barabarani.

"Huku hakuna makaburi ya bageni," alisema, mbele ya kwaya nzima ya parokia.

Jeneza lilirudi Likasi kwenye gari lilelile.

Wakati huo Théodore alikuwa mtumishi wa Serikali. Alianza kama mpiga taipu, akawa katibu, kisha mtu wa kuandika barua za wakubwa ambao Kifaransa chao kilichechemea. Wakubwa walikuja na kuondoka. Yeye alibaki, na suti yake ya kahawia na sauti yake ndogo. Wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda walipogombana na wakulima, ni yeye aliyetumwa kuwapatanisha. Rafiki yake wa ofisini, Guy, alimwita "Excellence", yaani Mheshimiwa, kwa utani kwanza, baadaye bila utani.

Barua za Constantin zilipofika ofisini hazikwenda mbali. Moja ilirudi kwa sababu ya tarehe, nyingine kwa kukosa nakala ya tatu.

"Excellence, bado unamuchinja ule shefu na muhuri?" Guy aliuliza.

"Minye sijaanza bado."

Mwaka 2013 alipewa idara ya mambo ya kimila, pamoja na kabati la mafaili. Siku ya kwanza alifungua faili la kijiji chetu. Katika nafasi ya jina la mama, Constantin alikuwa ameandika kwa mkono wake: Émérence, marehemu.

Théodore alielewa mara moja. Karani wa zamani wa idara aliijua mila. Mtoto wa Placide angekataliwa. Basi Constantin alijifanya mtoto wa shangazi aliyekufa, akamfuta Joëlle, mama aliyemzaa, ambaye siku hiyohiyo alikuwa nyumbani akimsongea bukari, ugali wa kwetu.

Karatasi ile ingetosha kumwangusha wiki hiyo. Théodore aliirudisha kabatini akasubiri miaka kumi na moja. Kumwangusha kimya, kwa barua, ilikuwa adhabu ndogo mno.

Mwaka 2024 Constantin, akisumbuliwa na sukari, aliandika kuomba mwanawe Hervé atambuliwe kuwa mrithi. Barua hiyo haikurudi. Théodore alikwenda mwenyewe kijijini kufanya uchunguzi, nami nikamsindikiza. Viti vya plastiki vilipangwa uani. Hervé alivaa suti mpya. Mama Joëlle, mwenye zaidi ya miaka themanini, alikaa mstari wa mbele na kitenge cha sikukuu.

"Tunaanza na ukoo," Théodore alisema. "Shefu, mama yako njo nani?"

Constantin alicheka. "Eh, patron! Weye ulikomala hapa. Haumujue?"

"Serikali haijue kitu. Inasoma tu." Akasoma: "Mama: Émérence, marehemu. Na chini, sinyatire yako." Akaweka kidole juu ya sahihi.

Joëlle, aliyesikia kwa sikio moja tu, alimwomba jirani arudie. Kisha akasimama.

"Constantin. Na minye? Minye niko nani?"

"Mama, ikala. Ni makaratasi tu."

"Unijibu."

Théodore alifungua kalamu. "Kama ni Émérence, naandika sasa hivi: kiti iko yako, na ya Hervé, na huyu mama hapana mutu yako. Kama ni huyu, ulidanganya Serikali, na kiti hauna. Chagula."

Constantin alisogea karibu, jasho shingoni. "Théo, tuonane ku biro yako, kule Likasi. Hapana mbele ya batu."

"Mama yangu ulimurudisha mbele ya batu."

Constantin alimtazama Hervé, akamtazama mama yake aliyekuwa bado amesimama.

"Ni huyu," alisema.

"Jina."

"Joëlle."

"Andika."

Aliandika kwamba mama yake ni Joëlle na kwamba kiti si chake, nakala tatu, na katika kila moja Théodore alimwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Joëlle hakumtazama mwanawe. Alimtazama mjomba.

"Hii karatasi, uko nayo tangu wakati gani?"

"Myaka kumi na moja, mama."

"Na kila Noeli ulikuwa unakuja kunisalimia."

"Ndiyo," alijibu, bila kuinamisha macho.

Kisha Théodore alichukua nakala moja na kumpa Hervé.

"Soma kwa sauti," alimwambia. "Bale ba nyuma habakusikia."

Hervé alisoma.